Kifua Nilichokilainisha Mimi

Kabla yangu, watu wa Kisangani walikuwa wanakalia chuma. Sisemi hivi kwa majivuno. Mwenye kubisha aende awaulize wazee wa toleka, wale waliokuwa wakipakia watu nyuma ya kinga, baiskeli. Nyuma pale kulikuwa na kipande cha sifongo chembamba kama mukate wa jana, kimefungwa na kamba ya mupira, na mama akitoka soko kubwa mpaka Mangobo alishuka akitembea kama mutu aliyepigwa. Mimi nilifika hapa kutoka Opala nikiwa na miaka kumi na mitano. Shule niliacha mwaka wa tatu wa msingi. Kusoma najua, kuandika ndiyo hii munaiona. Lakini Mungu alipokuwa anagawa akili, wengine aliwatilia mu kichwa, mimi alinitilia mu mikono. Nikakata sifongo kwa tabaka tatu, ngumu chini, laini juu, na katikati nikaficha resori ndogo ndogo, springi za chuma. Moto, hizi pikipiki, zilipoingia muji huu, mimi nilikuwa tayari nawangojea wenye nazo. Mwanamuke mwenye mimba ya miezi minane anatoka Bangboka mpaka mujini juu ya kiti changu na halalamiki. Na barabara ya Bangboka munaijua.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, niko na karakana karibu na barabara, na mutoto wangu wa pili ni muuguzi. Nasema haya kwanza ili mutu asifikiri kwamba yanayofuata yameandikwa na mutu asiyejua kazi yake. Kazi yangu naijua. Kazi yangu ni kulainisha.

Mutoto huyo ni mwanamuke, mufupi, mwepesi. Namuita mama, kwa kuwa anabeba jina la mama yangu. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya uuguzi siku mwalimu wake wa mazoezi alipokuja karakana. Mwalimu alikuwa muuguzi wa miaka mingi, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola inang'aa. Alikuja na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na nusu mutu: kichwa, mabega, kifua, basi. Ilikuwa sanamu ya plastiki iliyotoka Ulaya, zawadi ya zamani, na panya walikuwa wameingia kifuani wakazalia humo.

Akanieleza kwamba shuleni wako na chumba wamekipanga kama chumba cha dharura cha hospitali. Kitanda, pazia, meza ya dawa zisizo na dawa. Mwanafunzi anaingia, anakuta sanamu imelala, anaambiwa huyu ni mutu ameanguka sokoni, moyo umesimama, fanya. Na anafanya kweli, mwalimu anamutazama, anamupa pointi. Afazali wakosee juu ya plastiki, alisema, kuliko juu ya mutoto wa watu. Sasa plastiki imekufa, na wanafunzi wanajifunza kwa kusukuma meza.

Nikamwambia kutengeneza hii, hapana. Nitafanya mupya. Ya wazungu imeshindwa na panya. Yangu panya ataanguka meno.

Hakucheka. Aliweka kiganja chake juu ya kifua changu mimi mwenyewe, akasukuma kidogo.

"Unasikia? Kifua ya mutu inakataa," alisema. "Mutoto lazima asukume mpaka ishuke vidole vitatu. Pale ndiyo damu inatembea. Akishusha kidole kimoja, anamupapasa maiti tu."

Ile ya Ulaya, alisema, ilikuwa na kitu ndani. Ukifika vidole vitatu inalia tak, na mwanafunzi anajua amefika. Je, ninaweza kufanya tak?

Mimi. Kama ninaweza.

Nilifanya mbavu kwa pete za pipa. Nikashona ngozi ya plastiki nyeusi, nikampa pua, nikampa nyusi, hata masikio nikayafanya mawili tofauti, kwa sababu hakuna mutu mwenye masikio sawasawa. Mapafu yalikuwa mupira wa ndani wa kinga. Kwa tak nilichukua kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Kikibonyezwa kinaingia na kulia, kikiachwa kinarudi. Na chini ya mufupa wa kifua nikaweka resori ya nyuma ya moto, ile inayobeba watu wawili na gunia la muchele bila kulia. Pete ya kushikilia resori hiyo alinichomelea jirani yangu, mufundi wa vyuma.

Huyu lazima nimuseme. Tulikuwa kiwanja kimoja miaka kumi na miwili, yeye na moto wake wa kuchomelea, mimi na sindano yangu, ukuta wa mbao katikati. Alikuwa mutu wa kuchokoza. Mimi nikijisifu kwa muteja upande huu, yeye upande ule anagonga chuma mara tatu, kama mutu anayesema uongo, uongo, uongo. Siku sanamu ilipokwisha alikuja, akaizunguka, akainama, akakaa juu ya kifua cha sanamu.

"Vieux, mpaka Bangboka ni ngapi?"

Nikamwambia mutu wa aina yake ninamubeba kama muzigo, si kama abiria. Akabaki amekaa pale, anakula mihogo yake, anamusalimia kila anayepita kama mutu aliye safarini.

Mwalimu alipokuja alivua saa, akapiga magoti, akasukuma. Tak. Akasukuma tena mpaka jasho likamtoka kwenye paji. Akasimama akisema tu kwamba hii ni kifua. Sijawahi kupewa sifa fupi namna ile, na sijawahi kupewa iliyonikaa zaidi. Shuleni waliniweka kiti cha mbele, pamoja na wakubwa.

Bon. Shida ilianza nyumbani kwangu.

Mutoto wangu alirudi kutoka mazoezi viganja vimevimba. Katika kusukuma kumi, tak alipata mbili, siku njema tatu. Wavulana wakubwa walipata, yeye na wenzake wengi hapana. Na mutihani wa chumba kile haukuwa mchezo. Ukianguka pale, mwaka umekwenda, hata kama masomo mengine yote umepita. Nilimuona asubuhi anasukuma gunia la mihogo nyuma ya jiko, anahesabu, anasimama kupumua, anaanza tena. Jioni alikaa karibu nami, akaniambia bila kunitazama:

"Papa, kifua yako inanikataa."

Mama yake alikuwa anasikia. Alisema wageni ninawatengenezea viti vya kulalia usingizi, mutoto wangu nimemutengenezea jiwe. Neno lile liliingia.

Alhamisi kabla ya mutihani mwalimu alinirudishia sanamu, ngozi ilikuwa imepasuka begani, nishone. Nikashona bega. Halafu nikabaki nayo juu ya meza. Nilikuwa na resori za viti pembeni, zile laini, za akina mama. Nawaambieni ukweli, sikufikiri muda mrefu. Nikafungua kifua, nikatoa resori ngumu, nikaweka laini mbili, nikapandisha kifuniko juu kidogo. Nikaweka kiganja. Tak. Kidole kimoja, labda na nusu. Sauti ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Nikajisemea: apite kwanza, nguvu zitakuja na umri. Akishapita nitarudisha resori, nani atajua.

Siku ya mutihani nilisimama dirishani na wazazi wengine. Mutoto wangu aliingia na blouse nyeupe, akaita sanamu, akaitikisa bega, akaita musaada, akagusa shingo, akapiga magoti. Tak, tak, tak, tak, kama mvua inayoanza kwenye mabati. Mwalimu alikuwa mezani na orodha ndefu, wanafunzi walikuwa wengi mpaka nje, hakuinua kichwa. Alisikiliza tu. Mutoto wangu alipewa kumi na nane juu ya makumi mbili. Wote walipita, darasa zima. Baba mumoja alinishika mukono akasema sanamu ile iko na baraka. Nikamwambia baraka ni kazi.

Resori ngumu ilibaki mu sanduku langu. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Darasa jipya likaanza kusukuma juu ya sanamu ile, wakafurahi, na kila nilipopanga kwenda shuleni kulikuwa na kiti cha mutu wa haraka.

Mutoto alikuwa nyumbani, anangojea kutumwa kazini, na saa sita ya muchana ananiletea chakula karakana. Siku moja umeme ulirudi baada ya kukosa siku tatu. Jirani yangu mufundi wa vyuma alikuwa anaunganisha waya wake, amesahau, au hakusahau, alifikiri bado haujafika. Nilisikia chuma kinaanguka. Nilipozunguka ukuta alikuwa chini, waya bado mukononi, miguu mitupu.

Mutoto wangu aliweka sahani chini. Na hapo nitasema, nilijivuna, hata wakati ule. Alipiga kelele mutu asimuguse, akatuma mutu akate umeme kwanza, akasukuma waya kwa ubao. Akamuita. Akamutikisa bega. Akagusa shingo. Akamwambia mwenye moto mumoja awe tayari kwa hospitali. Yote kwa utaratibu, kama chumbani kule. Watu wakajaa. Kisha akapiga magoti na kuanza kusukuma, na mimi nikapiga magoti upande wa pili.

Mimi nasoma mikono ya watu. Ndiyo elimu yangu. Mutu akikalia kiti mara moja nakuambia kinashuka kiasi gani. Niliona mikono ya mutoto wangu inashuka kidole kimoja, inasimama, inarudi. Kidole kimoja, inasimama, inarudi. Midomo yake ilikuwa inasema tak, tak, bila sauti, kila mara pale pale. Kifua cha mutu mwenye afya, mutu wa kunyanyua vyuma, na yeye anamuishia juu juu, mahali nilipomuwekea mimi mwisho.

Nikasema, "Mama, shusha zaidi."

"Papa, acha. Niko najua."

Mutu nyuma yangu akasema niache muganga afanye kazi. Nikasema tena, kwa sauti ndogo, shusha. Hakunisikia, au alisikia. Na mimi, mutu ambaye mutaa mzima unajua hanyamazi, nikanyamaza. Ningeweza kusukuma mimi. Mikono yangu inavijua vidole vitatu, mwalimu alinieleza kiganja chake kikiwa juu ya kifua changu mwenyewe. Lakini pale mbele ya watu yeye alikuwa muuguzi na mimi mushonaji wa viti. Na kama ningesema zaidi, ningetakiwa kusema kwa nini. Nilimutazama jirani yangu usoni. Alikuwa na vumbi la chuma kwenye nyusi.

Mutoto wangu alisukuma muda mrefu, hakuchoka. Bila shaka hakuchoka. Halafu wakamuweka jirani katikati ya watu wawili juu ya moto wakaenda, na hospitalini daktari alimutazama kidogo tu.

Matangani watu walimusifu mutoto wangu. Mujane alimushika viganja vyote viwili, akasema mikono hii ilijaribu, Mungu ameona. Mutoto alilia. Usiku huo na siku zilizofuata aliniambia jambo moja tu, kwamba alifanya vile walimufundisha. Nikamwambia ndiyo, mama, ulifanya vile.

Baada ya matanga nilikwenda kwa mwalimu. Nilimwambia yote, resori, kifuniko, siku, sababu. Alinipeleka mu chumba kile, akapiga magoti, akasukuma mara mbili. Akabaki amepiga magoti.

"Nilisikia iko laini," alisema. "Nilisema ni resori imezeeka."

Nikamuuliza kama ningeacha ile ngumu, jirani yangu angepona. Akasema hospitalini hakuna mashine ya kushtua moyo, labda angekufa tu.

"Labda?"

"Labda."

Aliniacha na neno hilo, na hakuna aliyeniongezea lingine.

Siku ile ile nilirudisha resori ngumu, kwa mikono yangu, mbele yake. Mwezi uliofuata nusu ya darasa ilianguka. Wazazi wakaja juu. Mkuu wa shule alisema sanamu inayoangusha watoto ambao jana walikuwa wanapita ni sanamu mbovu, itengenezwe. Mwalimu alikuja kwangu akiwa na gunia, ananitazama viatu. Nilikataa. Nilimwambia mimi nimelainisha mara moja, basi. Akaenda. Baadaye nikajua wameipeleka kwa mushonaji mwingine upande wa Kabondo, mutu aliyejifunza kwangu, na yeye akaweka resori mbili laini, akapandisha kifuniko. Mutu huyo sikumufundisha sanamu. Nilimufundisha viti. Ilitosha.

Wale walioanguka kwenye ile ngumu walirudia kwenye laini, wakapita, wakatawanyika. Nikiwaona na blouse zao nyeupe barabarani natazama mikono yao.

Mutoto wangu alitumwa Yangambi. Alikaa mwaka karibu wote, akarudi kututembelea, amenona kidogo, anacheka kwa sauti ya mutu anayepokea mushahara hata kama hauji. Tulikaa nyuma ya jiko, yeye na mama yake wanachambua pondu, majani ya mihogo. Akasimulia kwamba kituo chao hakina mutu mwingine aliyesoma mambo ya dharura, kwa hiyo yeye sasa ndiye anafundisha. Amejaza gunia maganda ya muchele, ameweka kifuniko cha kopo ndani, kama cha Papa. Wakunga, wasaidizi wa vituo vya mutoni, wanakuja na pirogi, mitumbwi yao, wanasukuma. Jumatano ijayo iko zamu ya vijiji vya chini.

"Banapiga tak vizuri, Papa. Hata bale bazee."

Nikamuuliza ni watu wangapi moyo umesimama kule wakawasukuma ukarudi. Aliendelea na majani yake. Akasema kule kwao hakuna aliyerudi, si mutu mukubwa, si mutoto, moyo ukisimama pale umesimama. Alisema kama mutu anayeeleza hali ya hewa ya mahali.

Hapo nikamwambia. Nilimwambia bila kuzunguka: Alhamisi ile, bega lililopasuka, resori za akina mama, kidole kimoja badala ya vitatu. Nilimwambia kumi na nane yake niliitengeneza mimi. Nilimwambia jirani yetu tulimupapasa tu, yeye kwa mikono, mimi kwa kunyamaza.

Aliacha pondu. Alinitazama, na nikafikiri sasa amesikia. Kisha uso ukalegea, akaanza kucheka, si kwa ubaya, kama unavyomucheka mzee wako.

"Papa. Viti vya muji huu ni wewe. Nyumba ni wewe. Diploma yangu, mutaa mzima unajua ni wewe. Sasa hata kufa kwa batu iko kazi yako?"

Mama yake alicheka pia. Nikasema si hivyo, nikasema vidole vitatu, muulize mwalimu wako. Akasema mwalimu ndiye alimupa pointi. Nilikwenda karakana nikaleta kiti cha moto kilichokuwa tayari, nikakiweka chini mbele yake, nikapiga magoti kumuonyesha: hapa ndipo munaishia, na hapa ndipo damu inaanza kutembea. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote mpaka sifongo ikagusa chuma.

"Hii ni kiti, Papa," alisema, polepole, kama ninavyoongea na muteja asiyeelewa bei. "Mutu ni kitu ingine. Wewe uliacha mwaka wa tatu."

Hakukuwa na dharau. Ni neno nililomupa mimi mwenyewe. Nimelisema mbele yake miaka yote, kila nilipotaka watu washangae mutu wa mwaka wa tatu amefika wapi. Nilijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya tatu alimwambia mama yake kwa sauti ya chini kwamba tangu jirani afe, Papa kichwa kinamusumbua, wamuangalie.

Jumatatu alipanda mutumbwi wa mashine kurudi Yangambi. Jumatano, saa aliyoniambia watu wa vijiji vya chini wanaanza kusukuma gunia lake, niliacha sindano, nikakaa. Muteja aliingia, akauliza kama kiti chake kiko tayari. Nikamwambia bado.